Mwalimu Nyerere na udongo wa Butiama

MSAFIRI anayetoka Mwanza kwenda Musoma kwa barabara, akishaliacha lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kuingia Bunda, huona pembezoni mwa njia mashimo ya udongo. Kando ya mashimo hayo hupangwa marundo ya matofali, mengine mabichi bado yakingoja jua, mengine yameshachomwa na kuwa mekundu. Mbele zaidi, pale Makutano, barabara ya kwenda Butiama inachepuka. Huko ndiko alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, na ndiko alikozikwa Oktoba 23, 1999.

Mengi yameandikwa juu ya Mwalimu: kudai Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha, ukombozi wa kusini mwa Afrika. Machache yameandikwa juu ya jambo moja dogo lililomwandama tangu ujana hadi uzee wake, nalo ni udongo. Si ardhi kwa maana ya mali au mipaka ya nchi, bali udongo wenyewe, ule unaochimbwa, ukalowekwa, ukakanyagwa kwa miguu na kutiwa kwenye kalibu ukawa tofali, au ukafinyangwa ukawa chungu. Kiongozi huyu aliwahi kuukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, akawataka wananchi wake waukanyage, na wengi wao wakakataa.

Kambarage alizaliwa Aprili 1922 katika boma la Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Inasimuliwa kuwa siku hiyo mvua ilinyesha sana, na jina alilopewa ni la mzimu wa mvua. Baba yake naye alikuwa na jina la msimu, kwa kuwa alizaliwa mwaka ambao viwavi, waitwao nyerere kwa Kizanaki, walishambulia mashamba. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi. Cheo cha baba hakikumfanya mtoto alale katika jumba la fahari. Nyumba za Wazanaki wa wakati ule zilikuwa za msonge, kuta zake miti iliyokandikwa udongo na paa lake nyasi, na mtoto wa mtemi alichunga mbuzi kama watoto wenzake.

Katika nchi hiyo iliyo kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti, udongo ulikuwa na wenyewe. Miongoni mwa makabila ya Mara kulikuwa na koo za Waturi, ambazo wanaume wake walikuwa wahunzi na wanawake wake wafinyanzi. Watu waliwahitaji kwa ajili ya majembe na vyungu, lakini pia waliwaogopa, na desturi iliweka mipaka ya kuoana nao. Mwanamke wa koo hizo alijua udongo upi unafaa kwa chungu cha kupikia na upi utapasuka motoni. Udongo mweusi wa mbugani, unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, haukumfaa mfinyanzi wala mjenzi. Ule mwekundu wa miteremkoni, na ule wa vichuguu ambao mchwa wameshausaga na kuulainisha, ndio uliotafutwa. Elimu hiyo haikufundishwa katika shule yoyote ya serikali ya kikoloni.

Shule yenyewe Kambarage aliianza akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1934 alipelekwa Mwisenge, Musoma, shule ya bweni iliyokuwa mwendo wa maili zipatazo 26 kutoka nyumbani. Alifaulu vizuri, akaenda Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, na kutoka huko akajiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1943. Mwaka huo huo, Desemba 23, alibatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akachukua jina la Julius. Baba yake alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Alirudi Tabora kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, kisha mwaka 1949 akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alikohitimu shahada ya uzamili mwaka 1952.

Tukio lililofuata halipewi nafasi kubwa katika vitabu vya historia, ingawa linastahili. Kijana aliyerudi kutoka Uingereza akiwa na shahada ambayo Watanganyika wachache mno walikuwa nayo hakukimbilia ofisini. Alikwenda Butiama, akakunja suruali, akaanza kukanyaga udongo na kupanga matofali ili kumjengea nyumba Maria Gabriel Waningu, mchumba wake, ambaye alimuoa Januari 1953. Kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake, mbele ya macho ya wanakijiji.

Uzito wa jambo hilo unaeleweka vyema mtu akikumbuka hali ya wakati ule. Elimu ilikuwa njia ya kuukimbia udongo. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome alitarajia mtoto huyo avae viatu, ashike kalamu na awe na watu wa kumfanyia kazi za mikono. Msomi wa Edinburgh mwenye matope hadi magotini, na tena mtoto wa mtemi, lilikuwa jambo la kushangaza na kwa wengine la kufedhehesha. Kwake halikuwa mchezo wa kutafuta sifa, kwa sababu hakukuwa na waandishi wa habari Butiama mwaka 1953, na chama cha TANU kilikuwa bado hakijazaliwa.

Kutoka hapo alikwenda kufundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, umbali wa kilomita 20 hivi magharibi ya Dar es Salaam. Alifundisha historia, Kiingereza na Kiswahili. Wengi wanaikumbuka Pugu kwa sababu ya safari zake za miguu kwenda mjini kukutana na wanasiasa wenzake. Lakini milima ya Pugu ina sifa nyingine, ambayo haikutokana na siasa.

Milima hiyo, inayoendelea hadi Kisarawe, imekaa juu ya moja ya akiba kubwa za kaolini zinazojulikana Afrika Mashariki. Kaolini ni udongo mweupe, laini kama unga, uliopewa jina la kilima kimoja cha China ambako wafinyanzi wa kauri waliuchimba kwa karne nyingi. Pugu haupatikani peke yake. Umo ndani ya jiwe laini la mchanga, umezishika chembe za kwatzi kama saruji inavyoshika kokoto, na ni lazima jiwe livunjwe na kuoshwa kwa maji ili mchanga utuame chini na unga mweupe ubaki ukielea. Unga huo ukikaushwa hufaa kutengeneza sahani na vikombe vya kauri, vigae, masinki na vihami vya nyaya za umeme, na pia hutumika katika karatasi na rangi. Wachimbaji waliufuata kwa mashimo ya wazi na kwa mahandaki yaliyopenya ndani ya kilima. Baadhi ya mahandaki hayo yaliachwa na sasa ni makazi ya popo, ambao hutoka kwa maelfu jua linapozama.

Kwa hiyo mwalimu kijana wa Pugu aliishi jirani na mali ambayo, kama ingeshughulikiwa, ingeweza kuipatia Tanganyika vyombo vyake yenyewe. Wakati huo sahani ya kauri iliyokuwa mezani kwa Mtanganyika wa mjini, kama alikuwa nayo, ilikuja kwa meli kutoka Uingereza au Japani. Nchi iliuza katani na pamba na kununua udongo uliochomwa na wengine.

Siasa ilimwondoa Pugu haraka. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, naye akachaguliwa kuwa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya kazi ya ualimu na siasa. Alijiuzulu ualimu mwezi huo huo, akarudi Mara na familia yake akiwa hana mshahara. Kwa muda fulani alipata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll huko Musoma. Nyumba ya udongo ya Butiama ilikuwepo, na huenda bila nyumba hiyo uamuzi ule ungekuwa mgumu zaidi. Mwenye kwake anaweza kumwachia mwajiri kazi yake.

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Mwaka mmoja baadaye Tanganyika ikawa jamhuri, naye akawa rais. Miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa na matumaini makubwa, na matumaini hayo yalikuwa na rangi ya kijivu. Maendeleo yalionekana kwa saruji na bati. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kilianza uzalishaji. Shule, zahanati, ofisi za TANU na nyumba za watumishi zilijengwa kwa matofali ya saruji, na mkulima aliyeuza pamba yake vizuri katika vituo vya ununuzi vya Bunda alianza kwa kununua bati. Mtu mwenye nyumba ya bati alikuwa ametoka kwenye unyonge.

Kiswahili kilikuwa kimeshaliona jambo hilo kabla ya wanasiasa. Kwa miaka mingi watu waliita saruji udongo ulaya, na jina hilo limo hata katika kamusi. Lilimaanisha tu kitu kama udongo kilicholetwa na Wazungu, lakini ndani yake kulikuwa na hukumu: kwamba upo udongo wa wenyeji, na upo udongo bora, na ulio bora unatoka mbali.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Nyerere alianza kulikabili wazo hilo waziwazi. Kujitegemea, kwa maana aliyoitoa, kulikuwa kuanza na kile kilichopo. Fedha si msingi wa maendeleo. Watu na ardhi yao ndio msingi. Katika kilimo maana yake ilikuwa jembe na plau kabla ya trekta, na katika ujenzi maana yake ilikuwa tofali la kuchoma na kigae kabla ya saruji na bati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipiga kambi Chamwino, Dodoma, wakati wananchi wa Ugogo walipokuwa wakihamia katika vijiji vya ujamaa, akafyatua matofali pamoja nao. Picha za kazi hiyo zimebaki: rais akiwa na mikono yenye udongo, miaka karibu 20 baada ya ile nyumba ya Butiama.

Mfano wa rais haukutosha. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Mwaka 1974 operesheni ilifika mkoani Mara. Hapa ndipo pagumu katika maisha ya Mwalimu, na si haki kupapita haraka. Mamilioni ya watu walihamishwa nchini kote, wengine kwa kushawishiwa, wengine kwa nguvu. Kulikuwa na nyumba zilizobomolewa na nyingine kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Familia zilizokuwa na kuta imara zilijikuta zikianza upya katika vibanda vya miti na nyasi kwenye viwanja vilivyopimwa kwa hatua. Mtu aliyewahi kuvunjiwa nyumba mara moja hana haraka ya kujenga nyingine ya kudumu. Serikali iliyowahubiria wananchi tofali la kuchoma ndiyo hiyo hiyo iliyowaondolea uhakika wa mahali pa kulipanga.

Tofali lenyewe pia lina masharti yake. Udongo huchimbwa na kulowekwa hadi siku inayofuata, hukanyagwa hadi usiwe na mabonge, hutiwa kwenye kalibu ya mbao iliyolowanishwa, kisha hutolewa na kuanikwa kivulini polepole ili lisipasuke. Yakishakauka hupangwa kuwa tanuri lenye matundu ya kuni chini yake, likasilibwa matope nje, na moto ukakokwa siku kadhaa. Tofali zuri huhitaji joto la nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi. Saruji huhitaji takribani nyuzi 1,450, ila moto wake huwashwa kiwandani na mnunuzi hauoni. Moto wa tofali huwashwa na mwananchi kwa kuni za msitu wa jirani. Kijiji kikichoma matofali ya nyumba 100 kinakata miti mingi, na katika mkoa kama Mara, ambao sehemu kubwa yake ni mbuga na vichaka, miti si ya kuchezea. Kampeni za wakati ule zilisema kidogo sana juu ya hilo.

Wataalamu hawakukosekana. Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi kilichoanzishwa mapema miaka ya 1970 jijini Dar es Salaam kilifanya majaribio ya matofali, vigae na udongo ulioshindiliwa. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilikuwa na jukumu la kuwainua mafundi wadogo, wakiwamo wafinyanzi. Lakini afisa aliyetoka mjini kuwaeleza wanakijiji uzuri wa nyumba ya udongo alirudi jioni kulala katika nyumba ya saruji, na wanakijiji hawakuwa vipofu.

Februari 1977, mwezi ule ule TANU na Afro-Shirazi zilipoungana na kuwa Chama Cha Mapinduzi, Mwalimu alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Ni maandishi ya kiongozi anayejikosoa kuliko ilivyo kawaida ya viongozi. Alikiri kuwa nchi ilikuwa bado maskini na haijajitegemea. Na katikati ya hesabu za mauzo ya nje na mashirika ya umma, alisimama kwenye tofali. Alilalamika kwamba Watanzania, viongozi wao wakiwa mbele, wameamini kuwa nyumba bora haiwezekani bila saruji na bati. Wangoja miaka mingi kupata vitu ambavyo hawana uwezo wa kuvinunua, na wakati huo wanaendelea kulala katika nyumba mbovu, ilhali udongo wa kutengeneza matofali na vigae wanaukanyaga kila siku. Aliuona huo kuwa ugonjwa wa fikra, si upungufu wa fedha.

Kiuchumi hoja yake ilikuwa na nguvu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno mwaka 1973 na ilikuwa njiani kupanda tena mwaka 1979, na tanuri za saruji zilikula mafuta. Kati ya hapo kulikuwa na ukame wa 1973 na 1974, na mwishoni mwa 1978 vita vya Kagera vikaanza. Fedha za kigeni zilikauka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 saruji ilipatikana kwa kibali, na kwa asiye na kibali, kwa magendo. Kiwanda cha Tanga kilichofunguliwa mwaka 1980 hakikuondoa uhaba huo. Kulikuwa na zahanati vijijini zilizofika kwenye lenta zikasimama hapo kwa miaka, miti ikiota ndani, kwa kukosa mifuko ya saruji na mabati.

Lakini serikali yake mwenyewe haikuwa imeusikiliza ushauri huo. Mkakati wa viwanda vya msingi, uliopangwa kwa kipindi cha miaka 20 kuanzia 1975, ulikuwa na nia ya kuitumia malighafi ya nchi kwa mahitaji ya nchi, na kwa nia hiyo udongo wa kauri ulistahili nafasi. Machimbo ya kaolini ya Pugu yaliwekwa chini ya sekta ya umma. Morogoro, mji uliochaguliwa kuwa kituo cha viwanda vipya vya viatu, maturubai, magunia na ngozi, ulipewa pia kiwanda cha vyombo vya kauri. Kwa karatasi mpango ulikuwa mzuri: udongo wa nyumbani, kiwanda cha nyumbani, sahani ya Mtanzania.

Kilichokwamisha viwanda vya aina hiyo si udongo. Mitambo ilitoka nje, vipuri vyake vilitoka nje, na matanuri yake yalihitaji nishati ya kununuliwa kwa dola ambazo hazikuwepo. Kauri ngumu huchomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200, na umeme au mafuta yakikatika katikati ya kuchoma, shehena nzima huharibika. Wazo la kujitegemea lilijengwa juu ya mashine ambazo hazikuweza kujitegemea kwa mwezi mmoja. Mtu anaweza kusema kuwa mpango wenyewe ulikuwa udongo ulaya wa namna nyingine: mwanakijiji aliambiwa aache kusubiri saruji, na Wizara ikasubiri vipuri. Viwanda vingi vya Morogoro vilidhoofika katika miaka ya 1980, na vikauzwa au kufungwa katika ubinafsishaji wa miaka ya 1990. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973 ili wananchi wajenge kwa mikopo, nayo ilifungwa mwaka 1995.

Nyerere aliondoka madarakani Novemba 5, 1985, ingawa alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Alirudi Butiama. Huko alilima, akatafsiri sehemu za Biblia kwa tenzi za Kiswahili, na akapokea wageni wa kila aina, wakiwamo wakulima wa jirani waliokuja na migogoro ya mashamba. Aliishi kwanza katika nyumba aliyojengewa na TANU, pale Mwitongo, kwenye mawe makubwa ya matale ambako lilikuwa boma la baba yake. Mwitongo kwa lugha ya nyumbani ni mahame, mahali palipoachwa na waliotangulia.

Kutoka Mwitongo aliweza kuona jambo ambalo kampeni zake hazikuliweza likianza kutokea lenyewe. Kufunguliwa kwa biashara kulileta mabati kwa wingi, na saruji nayo ikapatikana bila kibali. Mkulima wa pamba au mvuvi wa Musoma aliyekuwa na fedha kidogo alipiga hesabu zake: kuta kwa tofali la kuchoma, kwa sababu udongo na nguvu ni vyake, paa kwa bati, kwa sababu nyasi huvuja na kuungua, saruji kidogo kwa sakafu na kupiga lipu mbele, panapoonekana na wageni. Kigae cha udongo, ambacho Mwalimu alikitetea sana, kilishindwa kabisa. Ni kizito, kinahitaji mbao nyingi za kukibeba, na fundi wa kukitengeneza ni adimu. Kwa hiyo nusu ya hoja yake ilikubaliwa na nusu ikakataliwa, na hakuna mkutano wa hadhara uliopiga kura. Leo tofali la kuchoma ni miongoni mwa vifaa vya kuta vinavyotumika sana Tanzania, na vijana wengi wa Bunda, Musoma na Butiama hujipatia riziki katika mashimo yale yanayoonekana kutoka barabarani.

Hasara yake ni ile ile iliyonyamaziwa miaka ya 1970. Misitu inaliwa. Wakala wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, mrithi wa kile kitengo cha zamani, unahimiza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo uliochanganywa na saruji kidogo bila kuchomwa. Udongo wa kwetu na udongo ulaya vimeingia kwenye kalibu moja. Upande wa kauri, viwanda vikubwa vya vigae vya sakafu vilivyoanzishwa Mkuranga na Chalinze katika miaka ya 2010 kwa mitaji ya Wachina vinatumia kwa kiasi kikubwa udongo wa hapa nchini, na kigae kinachokanyagwa katika nyumba nyingi mpya za Musoma kimetoka mkoani Pwani.

Mwalimu mwenyewe alipata nyumba nyingine kabla ya kufa. Jeshi la Wananchi lilimjengea Butiama nyumba kubwa ya kisasa, zawadi ya askari kwa amiri jeshi aliyewaongoza katika vita vya Kagera. Ilikamilika vita vikiwa vimepita miaka 20. Alihamia humo mwaka 1999, wakati ambao alikuwa bado anasafiri kwenda Arusha kusuluhisha mgogoro wa Burundi, na damu yake ilikuwa imeshaingiwa na saratani. Julai 2 ya mwaka huo makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa hapo hapo kijijini. Hakukaa sana katika nyumba ile. Septemba alipelekwa London kwa matibabu, na Oktoba 14 akafariki katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, akiwa na umri wa miaka 77.

Baada ya Dar es Salaam kumuaga, mwili wake uliletwa Musoma na kutoka huko Butiama. Alizikwa Mwitongo, karibu na makaburi ya Mtemi Burito na Mama Mugaya, ambaye alikuwa amefariki miaka miwili tu kabla yake. Maria, aliyejengewa nyumba ya udongo mwaka 1953, alikuwepo kando ya kaburi.